Nina nyumba 96 na intaneti inayokufa kila usiku: nikope nijenge mnara?

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Mnarani, Kilifi, ng'ambo ya daraja. Kazi yangu ni kusambaza intaneti isiyo ya waya mtaani kwetu. Nilianza wakati wa korona, watoto wakisomea nyumbani. Shemeji yangu anaishi gorofani mjini Kilifi na ana faiba, basi nikaweka dishi juu ya paa lao, nikaivusha intaneti juu ya maji hadi kwa mjomba wangu huku Mnarani, kama kilomita 2. Nyumba ya mjomba iko juu kuliko za majirani wote. Pale kwenye paa lake nina mlingoti wa bomba na antena mbili za sekta, kila moja ikirusha ishara upande wake, na kutoka hapo nawagawia watu.

Walianza majirani wachache. Sasa ni nyumba 96, kila moja shilingi 1,500 kwa mwezi, na nimewaahidi kasi ya Mbps 5 (megabiti kwa sekunde). Nina pia vituo viwili vya vocha, kimoja stejini kwa watu wa boda na kingine kando ya duka la mama mmoja, mabando ya shilingi 10 na 20. Kwa nyumba peke yake ningepata 144,000 kwa mwezi, lakini zinazoingia hazizidi 110,000. Wengine hulipa siku wanayojisikia. Tena kuna wasiolipa kabisa ambao sikuwahesabu humo: mjomba mwenyewe, wanawe watatu waliojenga hapo karibu, na mama mkwe.

Nilikuwa na laini mbili za faiba ya nyumbani, Mbps 60 kila moja, zote kwa jina la shemeji. Mwezi uliopita kampuni ikaikata moja, wakasema matumizi yake si ya nyumba. Nimebaki na moja.

Usiku ndio unaoniua. Kuanzia saa mbili hadi saa nne simu haitulii, video zinazunguka tu, watu wananitukana kwenye kundi la WhatsApp. Mchana mtu yuleyule akipima anapata 5 kamili. Halafu kuna jambo lingine silielewi. Hata nilipokuwa na laini mbili, kulikuwa na jioni ambazo kiungo chenyewe cha kuvuka maji kinaanguka kwa dakika kadhaa, kinarudi, kinaanguka tena. Hufanya hivyo siku tatu nne, kisha kinatulia wiki nzima na zaidi, kisha kinaanza upya. Mvua hakuna, upepo hakuna. Nimebadilisha waya, chaneli, hata dishi la upande wa mjini.

Juu ya hayo, amekuja mwenzangu anayeuza Mbps 10 kwa shilingi 1,000. Nyumba kumi na moja zimeshahamia kwake.

Sacco yangu iko tayari kunikopesha 400,000 nijenge mnara wa mita 24 kwenye kiwanja cha mjomba, dhamana ikiwa hati ya kiwanja hicho. Mjomba amekubali. Mke wangu hataki, anasema hati ya ukoo haiwekwi rehani kwa ajili ya video za watu. Mimi naona nikishusha bei hadi 1,000 na mnara ukanifikisha kwenye nyumba 200, utajilipa. Nakosea wapi?

Fundi wa Mnarani, Kilifi

*

Marahaba, mwanangu.

Usiutie sahihi mkopo huo. Mkeo amesema kweli, ingawa nitampa sababu moja zaidi ya ile aliyokwisha kuwa nayo: mnara hauleti intaneti. Mnara unaifikisha mbali ile uliyo nayo, na wewe uliyo nayo haiwatoshi hata hawa 96. Ukiwafikia 200 kwa Mbps 60, utakuwa umekopa laki nne ili utukanwe na watu mara mbili.

Twende kwenye hesabu, kwa sababu humo ndimo jibu lote lilimo. Mteja wako hakupi 1,500 kwa ajili ya Mbps 5 za saa nne asubuhi, wakati yuko kazini na rauta inawaka peke yake sebuleni. Pesa yake ni ya saa mbili hadi saa nne usiku. Saa hizo watoto wamekula, baba ameshika simu, mama ana tamthilia yake. Netflix yenyewe hushauri Mbps 3 kwa picha ya 720p na Mbps 5 kwa ya 1080p. Chukua nyumba 40 tu kati ya 96, kila moja na video moja ya Mbps 3. Hizo ni Mbps 120. Ulipokuwa na laini zote mbili ulikuwa unafika ukingoni kabisa, bila ya kuhesabu mjomba, wanawe, mama mkwe na vijana wa steji. Leo una nusu yake. Hakuna chaneli utakayobadilisha wala dishi utakalonunua litakalokutolea Mbps 60 za ziada hewani.

Kwa hiyo kila uamuzi wa biashara hii, kuanzia bei hadi mteja gani umkubali, uupime kwa saa hizo mbili. Nitarudi hapo, lakini kwanza hicho kiungo cha kuvuka maji, maana kimenifurahisha na nadhani naujua ugonjwa wake.

Siku tatu nne za kuanguka, kisha wiki na zaidi ya utulivu, kisha tena. Mwanangu, hiyo ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Fungua kalenda uangalie kama siku hizo haziandami mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wakati wa bamvua pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa mnamo saa nne usiku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni mita 3 hivi. Maana yake ni kwamba katika zile saa zako za kutukanwa, bahari chini ya kiungo chako bado inashuka.

Dishi la mjini halitumi mawimbi kwenye mstari mmoja tu. Sehemu yake inakwenda moja kwa moja hadi kwa mjomba, sehemu nyingine inapiga juu ya maji na kuruka hadi palepale. Mawimbi ya 5.8 GHz yana urefu wa sentimita 5 hivi. Yakifika kwa pamoja huku moja likipanda na jingine likishuka, yanauana. Maji yakishuka mita 3, njia ya lile la pili inabadilika kwa sentimita kadhaa, na hizo zinatosha kuyafanya mawimbi hayo yapatane na kugombana zaidi ya mara moja katika jioni moja. Ndiyo maana kinaanguka, kinarudi, kinaanguka. Wakati wa maji mafu bahari haisogei sana, na wewe unadhani umepona kwa sababu umebadilisha waya.

Kabla hujaniamini, pima. Iagize rauta iandike nguvu ya ishara kila dakika tano kwa muda wa wiki mbili, kisha iweke karibu na jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Bandari. Ukiliona bonde la ishara linatembea na saa za maji, umepata mhalifu. Mvuvi yeyote wa hapo Mnarani atakusomea saa hizo bila hata karatasi.

Dawa yake si dishi kubwa. Atatokea fundi wa kukuuzia dishi la sentimita 60 akisema mwanga wake, yaani upana wa mawimbi linayorusha, ni mwembamba. Kwa kilomita 2, na madishi yote mawili yakiwa mita 20 hivi juu ya maji, pembe kati ya njia ya moja kwa moja na ile ya majini ni kama digrii moja, na madishi yote utakayomudu yana mwanga mpana kuliko hapo. Unachotaka ni kuyaficha maji. Lirudishe dishi la gorofani nyuma, mbali na ukingo wa paa, mpaka ukisimama mahali lilipo unaiona nyumba ya mjomba lakini ukingo wa zege unakuzibia maji. Ukingo huo ndio utakaozuia wimbi la pili. Lakini uache uwazi chini ya mstari wa moja kwa moja. Katikati ya kilomita 2 mawimbi haya yanahitaji mita 3 hivi za nafasi tupu kila upande ili yapite bila kukwaruzwa, na ukilibana dishi mno utakuwa umetibu jicho kwa kulitoboa. Kama paa halitoi nafasi, lishushe dishi la upande mmoja. Sehemu ambapo mawimbi hupiga chini husogea karibu na dishi lililo chini zaidi, na ukibahatika itaangukia vichakani ufukweni badala ya majini. Majani hayaakisi kama maji. Kazi yote hiyo haivuki gharama ya bomba, skrubu na siku moja ya jua kali.

Sasa paa la mjomba. Fungua jedwali la wateja waliojiunga na kila sekta, saa tatu usiku, uangalie safu ya ishara. Hiyo hupimwa kwa dBm, na kadiri nambari inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo ishara inavyokuwa dhaifu. Walio kwenye -60 dBm au karibu na hapo wako salama. Kwenye -75 anza kuwa na wasiwasi. Nina hakika utakuta wachache wa -80 na chini zaidi, wale uliowafunga siku una haraka, dishi likachungulia katikati ya mwarubaini au makuti ya mnazi wa jirani, likapata ishara ukashukuru Mungu ukashuka ngazi. Hao ndio wanaowanyonga wengine, nao hawajui.

Antena ya sekta huhudumia wateja kwa zamu. Mteja mwenye ishara nzuri hupokea kipande chake cha video upesi na kuwaachia wengine nafasi. Yule wa -82, ambaye kiungo chake kinaweza kubeba Mbps 6 tu, akifungua video ya Mbps 3 ameshika nusu ya muda wa sekta nzima. Mtu mmoja, nusu ya usiku wa watu arobaini na kitu. Wazee wa Kilifi wanaokumbuka feri, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, wanalijua hili: lori moja likizimika pale pa kushukia, hata mwenye gari jipya nyuma yake analala ng'ambo.

Wapitie hao mmoja mmoja, ukianza na wa chini kabisa. Wengine watapona kwa bomba la mita 2 zaidi juu ya paa. Wengine kwa kukatwa tawi, na hapo muombe mwenye mti kwa heshima, usipande na panga kimya kimya. Atabaki mmoja au wawili ambao mwembe unawaziba pande zote. Hao warudishie pesa zao za mwezi uliobaki, ukawaambie kwa adabu kwamba kwako hawatahudumika vizuri. Najua inauma kumkataa mtu mwenye 1,500 mkononi. Lakini 1,500 yake inakugharimu nyumba tatu nne zilizokasirika.

Kisha panga foleni. Kama rauta yako ni MikroTik, programu yake ya RouterOS toleo la 7 limekuja na FQ-CoDel na CAKE, mbinu mbili za kupanga foleni ya data kwa haki. Weka mojawapo pale intaneti inapoingilia, na uipe kikomo cha chini kidogo ya kile laini inachotoa kweli usiku, usikipe kile kilichoandikwa kwenye risiti. Foleni ikikaa kwako badala ya kukaa kwenye vifaa vya kampuni ya faiba, mtu mmoja anayepakua filamu hataikata simu ya WhatsApp ya jirani anayeongea na mwanawe Doha. Haitakuongezea hata Mbps moja. Itakachofanya ni kwamba uhaba ukija, watu wote waupate sawa, na yale mambo madogo yanayowaudhi zaidi yaendelee kufanya kazi.

Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nakuona umepita haraka kwenye jambo zito. Umesema kampuni imekata laini kwa kuwa matumizi si ya nyumba. Wana haki. Kifurushi cha nyumbani huuzwa kwa bei ile kwa sababu kampuni inajua familia moja haiwezi kukimaliza, na mkataba unakataza kukiuza tena. Laini ya pili itafuata, ni suala la lini. Na jina lililo kwenye mkataba si lako, ni la shemeji. Siku ikifika barua, itabisha mlango wake.

Tena juu ya mkataba kuna sheria. Kenya, tangu Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, huwezi kuuza huduma ya intaneti kwa umma bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Masafa ya 2.4 na 5 GHz unayotumia hayahitaji leseni ya masafa kwa viwango vidogo vya nguvu, na vijana wengi hudhani hiyo inatosha. Biashara yenyewe inahitaji leseni. Njia ya kwanza ni kuomba leseni ya mtoa huduma kwa jina la kampuni yako uliyoisajili. Ya pili, na kwa mtu wa nyumba 96 naiona nyepesi zaidi, ni kuingia chini ya kampuni ndogo iliyo na leseni tayari, iwe mtoaji wako wa jumla na wewe wakala wake, kwa mkataba wa maandishi unaosema wazi nani anajibu nini Mamlaka ikiuliza. Kuna na leseni ya mitandao ya intaneti inayoendeshwa na jamii yenyewe, lakini hiyo imekusudiwa vikundi visivyogawana faida, na wewe unafanya biashara, usijifiche humo. Mamlaka ina ofisi Mombasa. Panda matatu, nenda ana kwa ana na maswali yako yameandikwa, uulize ada za sasa. Na huo mnara wa mita 24 uliotaka kuujenga ungekupeleka pia kwa watu wa mazingira, NEMA, na wa usafiri wa anga, kabla hata ya kuchimba shimo.

Ukiwa na karatasi, au ukiwa chini ya mwenye karatasi, unaweza kununua intaneti ya jumla, ile yenye kiwango kilichohakikishwa kwenda na kurudi. Omba bei kwa watoaji watatu. Usiwaulize bei peke yake. Uliza kiwango hicho ni cha saa ngapi, maana wengine hutoa ahadi ya mchana. Uliza kama video za YouTube na Netflix zinatoka kwenye seva zilizo hapa nchini, na kama wameungana na KIXP, ile sehemu ya kubadilishana mawasiliano iliyoanza Nairobi mwaka 2000. Jirani yako anayetazama YouTube hana haja ya kuvuka bahari kila akibonyeza. Uliza wana njia ngapi za kutoka nje. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Afrika Mashariki nzima iliumia, na walioumia zaidi ni wale ambao mtoaji wao hakuwa na pa kugeukia. Wewe uko kwenye pwani ambayo nyaya zinatia nanga Mombasa, saa moja na ushei kwa gari. Usikubali jibu la kubabaisha.

Bei yoyote watakayokutajia, ivunje hadi kwenye nyumba moja. Kwa ile hesabu yetu ya video 40 kwa nyumba 96, ukiongeza na akiba kidogo, pangia Mbps 1.5 kwa kila nyumba usiku, yaani kama 144 kwa hao ulio nao. Zidisha bei ya Mbps moja kwa 1.5. Kwa maoni yangu, ikizidi 700 kwa nyumba inayolipa 1,500, usitie sahihi, kwa sababu bado kuna stima, betri, vifaa vinavyoliwa na chumvi, leseni, kodi, na wewe mwenyewe unayepanda ngazi. Sasa rudia hesabu hiyohiyo kwa bei ya 1,000. Utaona mwenyewe kwa nini sitaki ushuke. Huyo mwenzako anayeuza Mbps 10 kwa 1,000 ama amenunua jumla kwa bei ambayo mimi ningependa kuiona, ama anafanya lile ulilokuwa ukifanya wewe, na mkasi unamngoja. Zile nyumba kumi na moja ziache ziende. Usimseme vibaya popote. Baada ya miezi michache watajua wenyewe usiku wake ukoje.

Badala ya kushusha bei, uza mchana. Hili ndilo lililofichika zaidi katika barua yako. Laini unailipia saa 24 na inabanwa kwa saa mbili tatu tu. Kutoka alfajiri hadi magharibi karibu yote imelala. Vijana wa boda wanaoketi stejini saa tano asubuhi wanatumia kitu ambacho umekwisha kukilipia na hakuna mwingine anayekihitaji, basi wape bando la mchana nono kwa ile ile shilingi 20, na vocha za usiku zipunguze kasi. Tafuta wateja wa mchana: kinyozi mwenye televisheni, duka la kuchapisha karatasi, ofisi ya mwanasheria, shule ya binafsi, fundi wa simu anayepakua programu kutwa. Nyumba kumi za aina hiyo zinakuingizia pesa bila kuugusa usiku wako. Kwa wa nyumbani, acha kuahidi Mbps 5 bila kueleza. Waambie kwa Kiswahili cha kawaida: usiku utatazama video moja safi na simu zenu nyingine zitafanya kazi, mchana utapata zaidi. Ahadi hiyo unaweza kuitimiza, na mtaani anayetimiza ahadi hutafutwa.

Zile 34,000 zinazokupotea kila mwezi ni kubwa kuliko faida ya wengi wenye biashara kama yako. Acha kudai kwa mdomo. Tumia nambari ya malipo ya M-Pesa ambapo kila nyumba ina akaunti yake, iliyounganishwa na rauta, ili siku zikiisha huduma ijikate yenyewe na akilipa ijiwashe yenyewe, hata saa sita usiku. Mashine haina jamaa. Watu wanaomchelewesha kijana wa mtaani hawaicheleweshi mashine, na wewe hutalazimika kugombana na mzee wa heshima mlangoni kwake. Majina na nambari zao za simu utakazokusanya zitunze vizuri, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na inakuhusu hata ukiwa mdogo.

Kwa jamaa, nenda taratibu. Mjomba amekupa paa, na hilo si jambo dogo. Bila paa lile huna biashara. Lakini siku mjomba hayupo, Mungu ampe umri, wanawe watakuuliza mlingoti ule uko hapo kwa makubaliano gani, na hutakuwa na la kujibu. Nenda kwake na mkeo, mkiwa na sukari na majani ya chai kama inavyostahili, mkamwambie unataka kumlipa kodi ya paa. Andikeni karatasi: shilingi 3,000 kwa mwezi, intaneti ya nyumba yake 1,500 ikikatwa humo, iliyobaki anapewa mkononi. Wanawe watatu walipe kama majirani wengine, na watakubali kwa wepesi zaidi wakimwona baba yao ana mkataba. Mama mkwe muache. Andika tu kwenye daftari kwamba ile ni gharama yako, mpe foleni yake kama nyumba yoyote, na usimtaje tena mbele ya mkeo.

Mengine upesi. Stima ikikatika Mnarani na wateja wana simu zenye chaji, wanatarajia uwepo, kwa hiyo betri ya lithiamu kwa paa la mjomba na nyingine gorofani zinatangulia kabla ya antena yoyote mpya. Fungia vifaa kwa boliti za chuma kisichoshika kutu, na uunganishe mlingoti na ardhi kwa waya wa shaba kabla ya masika. Funga mlango wa Winbox, programu ya kuiendesha rauta ya MikroTik, usifikike kutoka nje na uisasishe RouterOS. Mwaka 2018 rauta za MikroTik kwa maelfu duniani ziliingiliwa kupitia tundu ambalo dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa.

Na simu za usiku. Fungua nambari ya pili ya kazi, iwe na saa, tuseme hadi saa nne. Kundi la WhatsApp lifanye la matangazo tu, anayelalamika akuandikie peke yake na akutumie picha ya kipimo. Kiungo kikianguka, tangaza kabla hawajakuuliza.

Ukishasogeza dishi, ukawainua wale wa -80, na malipo yakaanza kujikata yenyewe, ndipo utajua unahitaji pesa kiasi gani. Nadhani itakuwa ya betri mbili na mwezi wa kwanza wa intaneti ya jumla, kiasi ambacho Sacco itakupa kwa akiba yako mwenyewe na wadhamini wawili. Ile hati mrudishie mjomba leo, kabla ya magharibi, na mkeo awe nawe ukimkabidhi. Kisha baada ya bamvua mbili niandikie tena, unitumie ule mchoro wa ishara na saa za maji.